Mara Tatu ni Boti

Hezroni alikaa na redio ya upepo ya hospitali kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo hakuna aliyemsikia akikosea jina la kijiji wala kipimo cha dawa. Shule aliishia darasa la saba. Alikuwa akilima mpunga kwao Busale wakati wamisheni walipomsikia kanisani akisoma matangazo kwa sauti isiyotetemeka. Wakamchukua, wakamweka katika chumba kidogo nyuma ya maabara, na mashine, kipaza sauti na daftari.

Hospitali iko ufukweni mwa ziwa. Zahanati zake ziko upande wa milima, kule ambako mawe yameshuka moja kwa moja mpaka majini na hakuna barabara: Ikombe kwa wafinyanzi, na mbele zaidi Nkanga. Kufika huko ni kwa maji tu. Mtu akibonyeza kitufe Nkanga, Hezroni anasikia, na boti ya hospitali inatoka. Saa moja na robo kama ziwa limetulia.

Ila hakuwa akisikia peke yake. Zahanati zote na misheni zote za ukanda ule zilikuwa kwenye wimbi lilelile. Ukikohoa hapa, watu wa kule wanakupa pole.

Shida ilianza mwanawe Jonasi, mwalimu wa shule ya msingi Nkanga, alipooa. Alimwoa Asifiwe, mhudumu wa zahanati ya hukohuko.

Kwa Wanyakyusa, baba na mke wa mwanawe hawatazamani. Hawasalimiani, hawasemezani, na jina la baba mkwe halitoki kinywani mwa mwanamke yule. Wakikutana njiani, yeye anaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Wachungaji wameikemea desturi hiyo tangu enzi za Wajerumani, waumini wanaitikia amina, kisha wanarudi nyumbani na kufanya kama babu zao. Kuna namna ya kuilegeza: wazee wanakaa, baba mkwe anatoa zawadi, mkamwana anaruhusiwa kusalimu. Hezroni alisema atalifanya jambo hilo baada ya mavuno. Mavuno yakaja yakapita, mara ya kwanza na mara ya pili.

Nesi wa Nkanga alikuwa Milka, mwanamke mnene mwenye maneno makavu, na siku zote yeye ndiye aliyeongea redioni. Lakini Milka naye ana siku za likizo na siku za malaria. Siku hizo ilisikika sauti nyingine, nyembamba: "Hospitali, hospitali, hapa Nkanga, ova." Hezroni akiisikia tu anaruka kitini kama aliyekalia siafu.

"Ezra! We Ezra! Njoo uongee!"

Ezra alikuwa dereva wa boti, na mzaha kwake ulikuwa kama chumvi. Alikuja akijifuta mikono ya mafuta, akashika kipaza sauti.

"Nkanga, nakusoma. Hapa ni Ezra. Mwenye chumba amekimbia, ova."

Na kutoka zahanati nyingine kabisa: "Amekimbia nini, ova?"

"Mkwewe, ova."

Basi ziwa zima likacheka. Hezroni alisimama nje ya mlango, uso ukutani, anasikia wanavyocheka. Mtu wa miaka arobaini na minane, mzee wa familia, anachekwa hewani na watu asiowajua sura. Ujumbe ulifika, mgonjwa aliletwa, akapona. Yeye alichokumbuka ni kicheko.

Mwaka 2003 betri zilikufa mfululizo, na redio ya Nkanga ikaanza kukwaruza. Mwaka huohuo mnara wa simu za mkononi ulikuwa umesimama Kyela mjini, na kila mfanyabiashara wa Kasumulu alitembea na simu kiunoni kama bastola. Wafadhili wakaandika barua: tutatengeneza redio au tutanunua simu, si vyote viwili. Daktari Lazaro, mganga mfawidhi, kijana mpole asiyependa ugomvi, akaitisha kamati.

Walikaa katika nyumba ya zamani ya wamisheni, ile yenye jiko nyuma. Milka alikuja kwa mtumbwi, sketi imelowa mpaka magotini.

"Mugonile," akasalimu wote. "Mimi nina swali moja. Huko kwetu hiyo simu inakamata wapi?"

"Tumejaribu," Ezra akasema. "Inakamata juu ya lile jiwe, kwenye makaburi. Ila usimame vizuri. Ukigeuka kidogo inakwenda kwenye mtandao wa Wamalawi ng'ambo bila kuomba ruhusa."

"Nimwache mgonjwa nikapande makaburini?"

"Dada, si utakuwa umeshasogea karibu?"

Wakacheka. Milka hakucheka. Mzee Eliya, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati, akasema jambo la kitaalamu aulizwe mtaalamu. Wote wakamgeukia Hezroni.

Hezroni alijua jibu. Redio inakwaruza, lakini inafika, na anayesikia anaweza kuuliza, na asiposikia yeye atasikia mwingine wa zahanati ya jirani na kumfikishia. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote chumbani mle. Alijua pia kwamba Januari Milka anakwenda masomoni Mbeya miezi sita, na atakayebaki na zahanati ni Asifiwe. Miezi sita ya sauti ile kila asubuhi. Miezi sita ya Ezra na vicheko vyake.

"Simu," akasema. "Redio imezeeka. Na vocha si tatizo, tutatumia kubipu. Kila asubuhi Nkanga wabipu mara moja: wazima. Wakibipu mara mbili: wamepungukiwa dawa. Mara tatu: boti. Hakuna haja ya kupokea wala kuongea. Salio linabaki palepale."

Watu wakapiga makofi. Daktari Lazaro akasema huo ndio ubunifu. Ezra akasema, "Huyu angesoma huyu, angekuwa waziri."

Milka peke yake aliinua mkono. "Kaka Hezroni, kubipu si kusema. Mwanamke akitokwa damu, nikubipie damu kiasi gani?"

"Mara tatu," Hezroni akamjibu. "Mara tatu ni boti. Boti ikifika itaona."

"Na zikifika mbili tu?"

"Dada Milka, kwani wewe hujui kuhesabu mpaka tatu?"

Hapo wakacheka tena, na safari hii walimcheka Milka. Hezroni alijisikia vizuri. Ndivyo redio ilivyofungwa.

Januari, Februari, Machi, mambo yakaenda. Kila asubuhi saa mbili simu ililia mara moja mfukoni mwa Hezroni na kukatika. Wazima. Hakufungiwa tena chumbani. Alitembea sokoni, alikaa barazani, alishinda shambani kwake kwenye kakao, na ofisi yake mfukoni. Hakuna aliyemcheka. Siku mbili za Februari ililia mara mbilimbili, akapeleka dawa. Siku moja ililia mara tatu, boti ikatoka, ikarudi na mtoto wa degedege, akapona. Watu walimsifu. Yeye na mkamwana wake walifanya kazi pamoja vizuri bila neno hata moja kupita kati yao, na moyoni aliona hata marehemu baba yake angeridhika.

Siku ya Jumanne, wiki ya pili ya Aprili, saa tatu kasoro asubuhi, Hezroni alikuwa barazani kwa kinyozi karibu na lango la hospitali. Saa mbili simu ilikuwa imelia mara moja, kama kawaida. Sasa ikalia tena, ikakatika. Ikalia, ikakatika. Akaishika mkononi akingoja. Kimya.

Mara mbili. Dawa.

Akainuka kwenda stoo. Njiani akapunguza mwendo, kwa sababu dawa zilikuwa zimekwenda Jumapili, sanduku zima, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga. Dawa gani hiyo inayokwisha kwa siku mbili?

Akasimama chini ya ukumbi wa wodi ya akina baba, akaitazama simu. Kwenye kioo iliandikwa namba ya Nkanga na idadi: mbili. Salio alikuwa nalo; alikuwa ameweka vocha jana yake na hakuitumia. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha kijani. Angebonyeza tu. Ingelia kule kwenye jiwe, na Asifiwe angepokea, na ingembidi amwambie "haloo" mke wa mwanawe sikioni, karibu hivyo, kama wanaonong'onezana.

Akaondoa kidole.

Ezra alikuwapo. Alikuwa chini pale majini anasafisha plagi za injini, hatua mia tatu hivi. Angempa simu aongee. Hezroni alikwenda mpaka nusu ya njia. Alimwona Ezra amekaa ukingoni mwa boti na wachuuzi wawili wa samaki, anasimulia kitu, wanashikana mabega kwa kucheka. Akajiona anavyofika pale na simu mkononi. *Leo tena? Mkweo anakutafuta, ova.*

Akageuka. Akaenda stoo, akamwambia mtunza stoo afunge panadoli, dawa za malaria na maji ya chumvi ya dripu, kila kitu kidogokidogo, kwa ajili ya boti ya saa nane. Akasaini. Lakini hakutulia. Mara tatu asubuhi ile aliitoa simu mfukoni akaiangalia, na haikulia tena.

Kule Nkanga, kama Asifiwe alivyokuja kueleza baadaye, ilikuwa hivi. Mwanamke aitwaye Tumaini, mfinyanzi, mke wa Anyisile, alikuwa na uchungu tangu jana yake. Asifiwe alipobipu ile ya saa mbili alikuwa bado hajaitwa. Alipoitwa akakuta mkono wa mtoto umetangulia. Mhudumu hawezi kitu hapo. Huyo ni wa kupasuliwa. Akakimbia makaburini, akapanda jiwe, akabipu mara tatu. Ile ya tatu kioo cha simu kilionyesha imekwenda. Ilikwenda wapi, hakuna ajuaye. Labda kwa Wamalawi. Baadaye akashuka, akamwosha mama, akamwambia boti inakuja. Wakamteremsha ufukweni kwenye kitanda cha kamba, wakakaa naye wakitazama maji.

Saa nne na nusu akapanda tena kwenye jiwe. Mtandao haukuwepo kabisa. Saa tano Anyisile akasema, "Mimi namtia mke wangu mtumbwini." Wakapiga makasia watu wanne, na ziwa siku hiyo lilikuwa limechafuka.

Saa nane Hezroni alishuka ufukweni na sanduku lake la dawa. Ezra alikuwa bado anahangaika na injini. Ikawa saa tisa. Hezroni ndiye wa kwanza kuuona mtumbwi, unapanda na kushuka, na alijua kabla haujafika. Wanaume wanaopeleka samaki hawapigi makasia vile.

Mtumbwi ukagonga mchanga. Ndani kulikuwa na maji yenye rangi, na mwanamke amelala, kichwa chake mapajani mwa Asifiwe. Ezra akawa amekwisha kukimbilia machela. Wapiga makasia walikuwa wamechoka hata kusimama hawawezi. Aliyebaki mwenye nguvu pale alikuwa Hezroni.

Aliingia majini, kisha akasita. Ili amshike mgonjwa ilimpasa ainame juu ya mkamwana wake, uso kwa uso. Akaangalia pembeni, kama ilivyo heshima, akingoja yeye afunike kichwa na kugeuka.

"Baba!" Asifiwe akapiga kelele. "Unangoja nini? Shika miguu! Shika!"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha. Hezroni alishika miguu. Ilikuwa baridi.

Daktari Lazaro alimpasua jioni ileile. Mtoto alikuwa ameshakufa, kizazi kimepasuka. Tumaini alifia mezani kabla taa hazijawashwa. Anyisile aliambiwa nje, kwenye ngazi. Aliuliza tu kama anaweza kupata shuka, ile aliyokuja nayo imeharibika.

Kamati ilikaa siku tisa baadaye, baada ya matanga. Nyumba ileile ya wamisheni, madirisha wazi kwa joto. Anyisile aliitwa, akapewa kiti karibu na mlango. Asifiwe naye aliitwa, lakini kwa kuwa baba mkwe wake alikuwemo, aliwekewa benchi nje, chini ya dirisha. Alijibu maswali kwa Ezra, na Ezra akayaleta majibu ndani neno kwa neno. Safari hii hakutia mzaha.

"Kwa hiyo dada amebipu mara tatu," Daktari Lazaro akasema, "na huku zimefika mbili. Huo ni mtandao. Hilo halina mtu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata pa kuweka mzigo. "Tuandike tatizo la mtandao."

"Tatizo la mtandao," Mzee Eliya akaunga mkono. "Tumpe pole ndugu yetu, tufunge."

Kalamu ya karani ilikuwa imeshaanza. Hezroni alijua kwamba akinyamaza hapo, atabaki na kazi yake na jina lake, na mambo yatafunikwa pamoja na Tumaini kaburini. Alimtazama Anyisile. Mtu yule alikuwa ameshika magoti, mikono bado ina malengelenge ya kasia.

"Msiandike hivyo," Hezroni akasema.

"Unasemaje?"

"Zilifika mbili, kweli. Lakini nilijua si dawa. Dawa zilikwenda Jumapili. Nilikuwa na salio na nilikuwa na kidole kwenye kitufe. Sikupiga."

Karani akaweka kalamu chini.

"Kwa nini?" akauliza Daktari Lazaro, ambaye alikuwa mtu wa kuja, kutoka Bukoba.

"Angepokea mkamwana wangu."

Daktari hakuelewa, aliwatazama wengine wamsaidie. Hezroni akaendelea, maana alishaanza. "Na hizo simu nilizichagua mimi kwa sababu hiyohiyo. Si vocha. Nilichoka kuchekwa redioni. Nesi Milka aliuliza zikifika mbili itakuwaje, nikamfanyia dhihaka."

Alingoja. Alidhani watapiga kelele, watamfukuza, au Anyisile atainuka na kiti. Lakini wazee wale walikuwa wakitikisa vichwa taratibu, na haikuwa kwa hasira.

"Aa," Mzee Eliya akasema. "Basi hapo umesema. Hilo ni jambo la heshima. Nani kati yetu angepiga?"

"Ni kweli," akasema mwingine. "Ni mtihani."

"Hata ungepiga, Hezroni, ingesaidia nini? Binti yule amelelewa vizuri. Asingepokea."

"Asingepokea," wakakubaliana. "Mtoto wa watu, hawezi."

Hezroni mwenyewe alijikuta anatikisa kichwa pamoja nao. Kwa siku tisa neno hilo ndilo lililompa usingizi: asingepokea.

"Ningepokea."

Sauti ilitoka dirishani, nyembamba, ileile ya redioni. Hakuna aliyemwona, alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani.

"Nilikuwa juu ya jiwe," ikasema. "Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma, nikingoja labda ataniuliza. Ningepokea. Ningemwambia mkono umetangulia."

Wazee wakatazama meza. Ezra alikuwa mlangoni, macho yake kwenye viatu vyake. Kisha Mzee Eliya akainuka, akaenda dirishani, akavuta kipande kimoja, akavuta cha pili, akafunga komeo. Joto likazidi mara moja.

"Tuendelee," akasema.

Anyisile akaongea kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mkisi, kabila la wavuvi na wafinyanzi wa upande ule wa milima, Kiswahili chake cha polepole. "Sisi kule ziwani tunawaheshimu wakwe. Tunawapa samaki mkubwa. Lakini mtu akizama, tunamwita kwa jina." Akaitazama mikono yake. "Mke wangu alikuwa anafinyanga vyungu vya harusi. Vipo kumi na moja, havijachomwa. Mtu aniambie nifanye nini navyo."

Walipiga kura redio irudi. Wafadhili waandikiwe, waombwe radhi, waombwe betri. Waliinua mikono wote. Karani akaandika: tatizo la mtandao. Daktari Lazaro akamwambia Hezroni kwamba chumba chake kipo, kitafagiliwa, uzoefu wake bado unahitajika.

"Mtafute mwingine," Hezroni akasema. "Asiye na mkwe kule."

"Mzee Hezroni, watu wamekuelewa."

"Ndiyo. Ndilo tatizo."

Akaiweka simu mezani pamoja na chaja yake, akachukua kofia. Walikuwa wameanza kujadili posho ya wapiga makasia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na nje yake ni lile benchi. Alipiga hatua mbili kuuelekea. Alifikiri aende asimame mbele yake amwambie kitu, jambo lolote, hata salamu tu. Akasikia benchi linalia, mtu anainuka.

Hezroni akageuka, akapita katikati ya masufuria na moshi, akatokea kwa mlango wa jikoni.